Bwawa Katika Shamba la Ng'ombe: Faida Yake na Gharama Yake

Kila mwaka, mvua zikomapo katika nyanda za juu za Uasin Gishu na upepo mkavu wa Desemba uanzapo kuvuma, wafugaji wa pande za Eldoret hulirudia swali lile lile. Je, yafaa mtu auze baadhi ya ng'ombe zake ili ajenge bwawa, apate maji ya kuwanywesha wale watakaobaki na kuyamwagilia malisho yao? Swali hili si dogo. Ng'ombe akisha kuuzwa harudi, na fedha zikisha kuzikwa katika tuta la udongo hazifukuliki. Mfugaji akipima vema, kiangazi hakitamtisha tena. Akipima vibaya, atakosa ng'ombe na atakosa bwawa.

Watu wengi huliamua jambo hili kwa macho tu. Humwona jirani ana bwawa linalometameta, nao hutaka la kwao. Lakini bwawa ni kama mke wa pili: kumwoa ni siku moja, kumtunza ni siku zote. Yapasa basi faida ziwekwe upande mmoja wa mizani, na gharama upande wa pili, kisha itazamwe ni upande gani ulio mzito.

NCHI NA MAJI YAKE

Eldoret uko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 2,100. Mvua ya mahali hapa kwa mwaka ni kama milimita 1,000 au kuzidi kidogo, nayo huanza kwa kawaida mwezi wa Machi au Aprili, ikaendelea hata Septemba au Oktoba. Nchi hii basi si kame. Taabu yake ni kwamba maji huja kwa wingi kwa miezi saba, kisha huadimika kwa miezi minne au mitano. Mto Sosiani, upitao katikati ya mji, hufurika wakati wa mvua na kupungua sana wakati wa kiangazi. Mwenye kuweza kuyashika maji ya Julai akayatumia Februari ndiye mwenye kuishinda taabu hiyo.

Fikira hii si mpya. Makaburu waliofika Uasin Gishu mwaka 1908, na walowezi wengine waliowafuata, walijenga mabwawa mengi ya udongo katika mashamba yao. Mji wenyewe ulijulikana kwanza kwa namba ya shamba, yaani 64, na hata leo wako wazee wauitao Sisibo. Katika nchi za Waafrika, serikali ya ukoloni ilichimba mabwawa na malambo kwa mpango wa ALDEV baada ya 1946, na Mpango wa Swynnerton wa 1954 nao ulitia fedha katika kazi za maji. Baada ya Uhuru wa 1963, mashamba mengi makubwa ya Uasin Gishu yalinunuliwa na vyama vya ushirika, makampuni ya wananchi na watu binafsi, yakagawanywa. Bwawa lililokuwa la mtu mmoja likawa la watu mia, na mara nyingi kilicho cha watu mia hakitunzwi na hata mmoja. Mengine yalijaa tope, mengine yalilimwa hata ukingoni. Hilo ni fundisho la kwanza: bwawa lisilo na mwenyewe hufa.

FAIDA ZA BWAWA

Faida ya kwanza iko katika maziwa. Katika kila lita 100 za maziwa, kama lita 87 ni maji matupu. Ng'ombe asiyekunywa vya kutosha hawezi kutoa maziwa ya kutosha, hata akilishwa vema namna gani. Ng'ombe wa kienyeji hutosheka kwa lita 30 hadi 50 kwa siku, lakini ng'ombe wa gredi mwenye maziwa mengi aweza kuhitaji lita 80 au kuzidi. Tena, ng'ombe apelekwaye mtoni mwendo wa kilomita tatu na kurudi hutumia miguuni nguvu ambayo ingalikwenda kwenye kiwele.

Faida ya pili ni afya. Mahali ambapo makundi yote ya kata hukutana kunywa ndipo penye kupe wa kila boma, nao kupe ndio waletao ndigana kali. Hapo ndipo ugonjwa wa miguu na midomo upatapo njia ya kupita kutoka kundi hadi kundi. Mfugaji aliye na maji yake, na birika yake, na uzio wake, amekwisha kuufunga mlango mmoja mkubwa wa maradhi.

Faida ya tatu ni zile kazi nyingine ambazo maji huzifanya. Josho hupata maji, bustani ya mboga hupata maji, moto ukizuka katika majani makavu kuna cha kuuzimia, na perege au kambare wakifugwa humo huleta kitoweo na senti za mkononi. Faida hizi ni za kweli, wala hapana mtu azipingaye. Swali ni gharama.

HESABU YA MAJI

Hapa ndipo wengi wakoseapo, kwa kuwa hawatofautishi bwawa la kunywesha na bwawa la kumwagilia. Haya ni mambo mawili yaliyo mbali kama panya na tembo.

Tuchukue mfano wa mfugaji mwenye ng'ombe 100, kila mmoja akinywa lita 50 kwa siku. Kwa siku 120 za kiangazi watakunywa lita 600,000, yaani mita za ujazo 600. Hicho ndicho kinywaji cha kundi zima kwa kiangazi chote.

Lakini ng'ombe si yeye pekee anywaye katika bwawa. Jua nalo hunywa. Katika siku za kiangazi, maji yaliyo wazi hupungua kwa kadiri ya milimita 5 kwa siku kwa kugeuka mvuke. Bwawa lenye uso wa ekari moja, kwa siku 120, litapoteza karibu mita za ujazo 2,400. Yaani, jua litakunywa mara nne ya ng'ombe wote 100 wakiwekwa pamoja! Kwa ajili hiyo, bwawa jembamba lenye kina ni bora kuliko bwawa pana lenye maji ya magotini. Mwenye kujivunia upana wa bwawa lake anajivunia hasara.

Sasa na tutazame malisho. Majani yanayomwagiliwa nayo huhitaji kama milimita 5 kwa siku. Ekari moja tu, kwa kiangazi cha siku 120, itataka mita za ujazo 2,400, na ekari kumi zitataka 24,000. Hayo ni kabla ya kuhesabu yale yapoteayo katika mifereji na mipira. Ikiwa robo ya maji yatoka bwawani bila kufika kwenye mizizi, itapasa bwawa litoe 32,000. Bwawa la kuweka maji hayo laweza kuwa na uso wa ekari tatu, na jua litachukua hapo mita za ujazo 7,200 nyingine. Jumla, pamoja na kinywaji cha ng'ombe, ni karibu mita za ujazo 40,000, bila kutaja maji yapenyayo chini ardhini.

Kwa upande wa pili, yule atakaye kunywesha tu aweza kutosheka na bwawa la robo ekari lenye kina. Kinywaji ni 600, mvuke ni 600, na kiasi kidogo kiongezwe kwa yale yapenyayo chini. Mita za ujazo 1,500 zitamtosha. Bwawa la kumwagilia ekari kumi basi ni kubwa kuliko la kunywesha kwa zaidi ya mara ishirini na tano.

Tena maji hayo yatatoka wapi? Ekari moja ya Uasin Gishu hupokea kwa mwaka mita za ujazo kama 4,000 za mvua. Sehemu kubwa huingia ardhini au huliwa na mimea. Ikiwa sehemu moja katika kumi ndiyo itiririkayo hata bondeni, basi kila ekari ya mteremko huleta 400. Ili kujaza bwawa la 40,000 yapasa mteremko wa ekari 100 ulielekee bwawa hilo. Mwenye shamba la ekari 20 atakuwa anategemea maji ya jirani zake, na hilo ni neno jingine litakalosemwa hapa chini.

NJIA NYINGINE YA KUWEKA MVUA

Na hizo ekari kumi zitalisha ng'ombe wangapi? Kanuni waliyoizoea wafugaji wa Kenya ni kwamba ekari moja ya majani ya nepia, ikitiwa samadi vizuri, humlisha ng'ombe mmoja wa maziwa, au kuzidi kidogo. Ekari kumi basi zitawalisha ng'ombe kumi au kumi na watano. Wale wengine 85 wataendelea kulia njaa kando ya bwawa lililojaa.

Lakini mvua yaweza kuwekwa kwa njia nyingine zaidi ya kuiweka majini. Yaweza kuwekwa katika majani yenyewe. Mahindi yaliyopandwa kwa mvua za Aprili, yakikatwa yangali mabichi na kushindiliwa shimoni kuwa sileji, huweza kutoa tani 12 kwa ekari, au kuzidi katika shamba lililotunzwa. Ng'ombe akipewa kilo 25 kwa siku, atakula tani tatu kwa siku 120. Ekari moja basi huvusha ng'ombe wanne, na ekari 25 huvusha wote 100. Kadhalika majani ya Rhodes, ambayo kituo cha utafiti cha Kitale kilifanya kazi kubwa ya kuyachagua na kuyaboresha, hukatwa, hukaushwa na kufungwa robota, yakangoja ghalani hata Februari.

Shimo la sileji halitaki mteremko wa ekari 100, wala halinywewi na jua, wala halibomoki usiku likaua watu. Gharama yake ni ekari za mahindi ambazo hazitauzwa kwa magunia, na kazi ya kukata na kushindilia. Mfugaji aweke hesabu hii kando ya ile ya bwawa kabla hajauza ng'ombe hata mmoja. Akiba haiozi, lakini yapasa ichaguliwe chombo chake.

Hata hivyo si kusema kwamba kumwagilia hakufai kamwe. Ekari moja ya lusini kwa ndama na kwa ng'ombe wanaokamuliwa sana, au nusu ekari ya mboga za kuuza Eldoret mjini wakati wa kiangazi bei ipandapo, yaweza kulipa vizuri. Maji ya kiangazi ni ghali, basi yapewe mmea ulio ghali.

GHARAMA ZISIZOONEKANA

Gharama ya trekta na ya mafuta huonekana na kila mtu. Ziko nyingine ambazo huja polepole.

Kwanza ni ardhi. Ekari tatu zilizofunikwa na maji ni ekari tatu zisizotoa mahindi tena. Kwa mavuno ya magunia 20 kwa ekari, hayo ni magunia 60 yanayozama kila mwaka.

Pili ni tope. Mvua ikishuka katika mteremko uliolimwa ovyo hubeba udongo, na bwawa huwa kaburi la udongo huo. Bwawa laweza kupoteza nusu ya nafasi yake bila mwenyewe kujua, kwa maana uso wa maji unaonekana vile vile. Kulizoa tope ni kazi kubwa mno. Dawa yake ni matuta ya kukinga mmomonyoko na ukanda wa majani juu ya bwawa, navyo vitangulie kabla ya trekta kuitwa.

Tatu ni maradhi. Ng'ombe wakiachwa waingie majini hukojoa humo, hunya humo, kisha hunywa humo. Konokono wa matopeni huchukua minyoo ya ini iwaharibuyo kondoo na ng'ombe, na konokono wa namna nyingine huchukua kichocho kwa watoto waogao. Mbu nao huzaana penye maji yaliyotulia na magugu. Kwa sababu hizo bwawa litiwe uzio, na maji yashuke kwa bomba hata kwenye birika iliyo chini ya tuta. Uzio huo pia huzuia watoto wasizame.

Nne, na kubwa kuliko zote, ni hatari ya tuta kubomoka. Wakenya hawajasahau usiku wa tarehe 9 Mei 2018 huko Solai, katika Kaunti ya Nakuru. Bwawa la shamba la mtu binafsi lilibomoka baada ya mvua nyingi, maji yakashuka juu ya nyumba za watu, na zaidi ya watu 40 wakafa, wengi wao watoto na akina mama. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Bwawa la mita za ujazo 40,000 ni tani 40,000 zilizozuiwa na udongo tu. Mwenye kulijenga juu ya makao ya jirani amejichukulia deni la roho za watu, na deni hilo halina mwisho maadamu bwawa lingaliko.

JIRANI WA CHINI

Maji ya Sosiani hayaishii Eldoret. Huingia mto Kipkaren, yakaenda Nzoia, yakafika Ziwa Viktoria, na njiani wako watu wengi wayategemeao. Wakazi wa mji wa Eldoret wenyewe hunywa maji ya bwawa la Chebara, kwenye mto Moiben katika milima ya Cherangani, basi nao ni watu wa chini kwa wale wakaao juu. Mtu akiziba kijito chote wakati wa Januari, jirani yake atajua kabla ya wiki kwisha.

Kwa ajili hiyo sheria ipo. Kwa Sheria ya Maji ya 2016, mwenye kutaka kujenga bwawa au kuchukua maji ya mto kwa kumwagilia hana budi kupata kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Tena, kwa sheria ya mazingira ya 1999, mabwawa ni miongoni mwa kazi ambazo athari zake hupasa kuchunguzwa kwanza. Wako waonao vibali kuwa usumbufu. Lakini mkaguzi akikataa tuta bovu amemwokolea mwenyewe fedha, na huenda amewaokoa watoto wa jirani.

Wasio na imani na sheria za mijini na wawatazame Wamarakwet, wakaao si mbali na Eldoret, chini ya ukingo wa Bonde la Kerio. Kwa mamia ya miaka wameshusha maji ya mito kwa mifereji kando ya majabali hata mashambani, bila bwawa wala mashine. Kila ukoo wajua mfereji wake na kila mtu ajua zamu yake, mchana na usiku. Nguvu ya kazi ile iko katika mapatano kuliko katika mawe. Wafugaji watakao kujenga bwawa kwa shirika waanze na jambo hilo: nani atapata maji, siku gani, nani atazoa tope, na nani atalipa uzio ukikatika. Mapatano hayo yaandikwe kabla ya udongo kuchimbwa.

Kutopima kwanza si kosa la wakulima wadogo peke yao. Mnamo Septemba 2019, Rais Uhuru Kenyatta aliufuta mradi wa bwawa kubwa la Kimwarer, katika Kaunti ya Elgeyo Marakwet, baada ya kamati ya wataalamu kuona kwamba haukuwa na upembuzi wa kutegemewa wa wakati ule, na kwamba bei yake ilipita kiasi. Kama serikali yenye mainjinia yaweza kuanza kabla ya kupima, sembuse mkulima mmoja? Heri kutumia fedha kidogo kumlipa mpimaji kuliko kutumia nyingi kujuta.

BWAWA JEMA LIJENGWAVYO

Mahali pazuri ni bonde lililobanwa mdomoni na kupanuka nyuma yake, maana hapo tuta dogo huzuia maji mengi. Shimo lililochimbwa tambarare hutoa mita moja tu ya maji kwa kila mita ya udongo uliotolewa, lakini tuta katika bonde zuri laweza kuzuia mita nyingi kwa kila mita moja ya udongo. Hiyo ndiyo tofauti ya bei.

Udongo wa tuta uwe na mfinyanzi wa kutosha, ushindiliwe tabaka kwa tabaka ungali na unyevu, na chini yake uchimbwe mtaro ujazwe mfinyanzi ili maji yasipenye. Upande wa maji uinuke polepole, hatua tatu za mlalo kwa moja ya kupanda, na upande wa nje mbili kwa moja. Njia ya maji ya ziada iwe pana, ipite kando kwenye ardhi ngumu, isipite juu ya tuta kamwe. Maji yakipita juu ya tuta la udongo, tuta hilo halitachelewa kwenda nayo. Juu ya tuta ipandwe nyasi ya Kikuyu, wala isipandwe miti, kwa kuwa mizizi hufungua njia za maji. Mashimo ya fuko yazibwe yaonekanapo, na mwenyewe alikague bwawa lake kila baada ya mvua kubwa.

UPANDE ULIO MZITO

Mizani ikisha kusimama, jibu huwa wazi kuliko ilivyodhaniwa. Kwa mfugaji wa Uasin Gishu, bwawa dogo lenye kina, lenye uzio na birika, kwa ajili ya kunywesha tu, hulipa gharama yake mahali ambapo mto uko mbali na kisima hakifai. Bwawa kubwa la kumwagilia malisho ya kundi zima halilipi mara nyingi, kwa kuwa kazi ile ile hufanywa na shimo la sileji na ghala la majani kwa bei ndogo na bila hatari. Katikati yake lipo bwawa la majirani wachache, katika bonde zuri, kwa kunywesha na kwa ekari chache za mimea ya thamani. Hilo laweza kufaa sana, mradi mapatano yatangulie, mpimaji afuate, na trekta iwe ya mwisho.

Ukame wa 1984, wa 2000 na wa 2009 uliwaonyesha Wakenya kwamba ng'ombe wengi hawafi kwa kiu, bali kwa kukosa majani. Mfugaji aliyejaza ghala lake mwezi wa Septemba, akawa na maji ya kunywesha mita mia kutoka zizini, hana haja ya kumwagilia mbuga. Na ng'ombe wale ambao angaliwauza ili anunue tuta la udongo bado wamo zizini, wanakamuliwa.